Medali ya Babu Sandukuni: Isome Kabla Hujaiuza

Medali ya vita ni kipande kidogo cha chuma, upana wake ni wa sentimita chache tu, na ndiyo maana hupotea kwa urahisi. Hupewa watoto wachezee, hutobolewa ikavaliwa kama kidani, au huuzwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizovuja kwa mnunuzi wa skrepu. Makala haya yanaeleza medali ambazo mkazi wa Kajiado Kusini, hasa wadi ya Rombo na vijiji vya mpakani, anaweza kuzikuta katika sanduku la wazee: zilitoka wapi, zinasomwaje, na afanye nini kabla ya kumpa mtu anayepita akiuliza "vitu vya zamani".

Kwanza tutofautishe majina, kwa sababu wengi huita kila kitu nishani. Nishani ni heshima anayotunukiwa mtu kwa ajili ya utumishi au ushujaa wake mwenyewe. Hapa Kenya hutolewa na Rais, na herufi zake huandikwa baada ya jina: EGH, EBS, OGW, HSC na nyinginezo. Ile iitwayo MBS ina herufi ya M inayosimama badala ya "Moran", neno ambalo taifa zima lililichukua kutoka kwetu sisi Wamaasai. Medali ya vita ni jambo jingine. Hupewa kila aliyehudumu mahali fulani kati ya tarehe fulani na fulani, awe alipiga bunduki au alipika uji wa kikosi. Medali ya kumbukumbu hutolewa kuadhimisha tukio, kwa mfano kutawazwa kwa mfalme au kupatikana kwa uhuru. Ile sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye picha ya Rais Mwai Kibaki, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ni ndugu wa karibu wa medali za namna hiyo. Aliyeiweka badala ya kununulia maziwa amekwisha kuwa mkusanyaji, hata kama hajijui.

Vita vilivyopita mlangoni

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka kutoka pwani kuelekea Ziwa Viktoria. Mstari huo ulipofika Kilimanjaro ulipinda, mlima ukabaki upande wa Mjerumani. Ndiyo sababu jina Rombo liko pande zote mbili hadi leo, na ndiyo sababu pia ukoo mmoja unaweza kuwa na babu aliyemtumikia Mwingereza na babu mwingine aliyemtumikia Mjerumani katika vita vile vile.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, hapa palikuwa mstari wa mbele. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na walikaa ndani ya ardhi ya Kenya ya leo kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Upande wa magharibi wa kaunti yetu, tarehe 3 Novemba 1914, jeshi la Mwingereza lenye askari wengi kutoka India lilivuka Namanga kuishambulia Longido, likashindwa na kurudi nyuma. Tangu hapo njia ya Kajiado, Bissil na Namanga ikawa ya kupitisha maji, chakula na risasi kuelekea mpakani. Msafiri anayetoka Kitengela kwenda Namanga leo kwa lami anapita njia hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa 1916 Mwingereza alileta wanajeshi wengi kutoka Afrika Kusini. Tarehe 12 Februari walishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, wakarudishwa kwa aibu na askari weusi wa Mjerumani, watu ambao walikuwa wamewadharau. Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts alibadilisha mbinu. Kikosi kimoja kilitoka Longido kuzunguka Kilimanjaro upande wa magharibi, na wapanda farasi wakavuka mto Lumi na kushika miinuko ya Ziwa Chala tarehe 8 Machi. Wajerumani walipoona watazingirwa waliiacha Salaita na Taveta, wakapigana tena usiku wa tarehe 11 Machi kwenye vilima vya Latema na Reata, kisha wakarudi nyuma kuelekea Moshi na reli ya Tanga. Mtu wa Rombo akisimama penye mwinuko siku isiyo na mawingu anaona sehemu kubwa ya uwanja huo wote kwa macho yake. Vita vyenyewe viliendelea kusini, hadi Msumbiji na Zambia ya leo. Mjerumani alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 mahali palipoitwa Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya.

Aliyebeba mzigo mzito zaidi hakuwa askari. Magari hayakufika mbali, farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo, hivyo chakula na risasi vilibebwa vichwani. Wapagazi waliandikishwa kwa mamia ya maelfu, mara nyingi kwa nguvu, katika kikosi ambacho wananchi walikiita Kariakoo. Jina hilo limebaki Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, wapagazi takriban 95,000 wa upande wa Mwingereza walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa.

Kwa Wamaasai mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mchango mkubwa uliotakiwa kwao ulikuwa ng'ombe na kondoo wa kulisha jeshi. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuwaandikisha morani kwa lazima mwaka 1918, morani wa upande wa Narok walikataa, na damu ikamwagika Ololulunga. Kwa hiyo nyumba ya Kimaasai isiyo na medali ya vita hivyo haimaanishi kwamba vita havikuigusa. Jeshi halikumpa mtu medali kwa ng'ombe aliochukuliwa.

Jina lililoandikwa ukingoni

Medali tatu za Vita vya Kwanza ndizo za kuzitambua.

Ya kwanza ni nyota ya 1914-15. Ni ya shaba, ina ncha nne na panga mbili zilizopishana, na miaka hiyo imeandikwa katikati. Ilipewa waliohudumu kwenye uwanja wa vita kabla ya mwisho wa 1915, na Afrika Mashariki ilihesabiwa. Ya pili ni medali ya fedha ya miaka 1914 hadi 1918. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi anayekanyaga ngao yenye tai. Utepe wake una rangi ya machungwa katikati, na pembeni nyeupe, nyeusi na bluu. Hiyo hiyo ilitengenezwa pia kwa shaba, kiasi cha medali 110,000 hivi, kwa ajili ya vikosi vya vibarua kutoka nchi kama China, India na Malta. Hata katika medali, basi, aliyebeba bunduki alipewa fedha na aliyebeba sepetu akapewa shaba. Ya tatu ni Medali ya Ushindi, ya shaba, yenye malaika mwenye mabawa aliyenyoosha mikono, na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Nyuma yake imeandikwa kwa Kiingereza kwamba vita hivyo vilikuwa kwa ajili ya ustaarabu. Mzee aliyetoka kubebeshwa masanduku hadi Ruvuma angekuwa na maoni yake kuhusu hilo.

Jambo la muhimu kuliko yote haliko mbele wala nyuma. Shika medali ya fedha au ya ushindi, igeuze polepole, usome ukingo wake kwa kioo cha kukuzia au kwa kamera ya simu. Nyota ya 1914-15 haina ukingo mnene wa kuandikia, kwa hiyo igeuze usome mgongoni. Hapo kumegongwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Ukiona herufi K.A.R., huyo alikuwa Keya, yaani jeshi la wenyeji la Mwingereza lililoundwa mwaka 1902 na ambalo vikosi vyake vya Kenya viligeuka kuwa Kenya Rifles wakati wa uhuru. Namba iliyo mbele ya K.A.R. ikiwapo ni ya batalioni.

Usishangae jina likiwa limepinda. Karani aliandika alichosikia, na alisikia kwa sikio la Kiingereza. Jina linaloanza na sauti kama Nk au Nt lingeweza kupoteza N yake. Neno "ole" lingeweza kuachwa kabisa, au jina la baba likaandikwa kana kwamba ni la mwana. Tamka maandishi hayo kwa sauti mbele ya wazee kabla ya kuamua kwamba si ya ukoo wenu.

Ninasisitiza ukingo kwa sababu moja. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakilitumikia jeshi la Mwingereza katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi huo huo. Mzungu aliyeuawa Salaita au Latema aliwekewa jiwe lenye jina lake. Mpagazi aliyefia njiani hakuwekewa kitu. Katika hali hiyo, medali yenye jina na namba ukingoni inaweza kuwa ndiyo maandishi pekee yaliyobaki mikononi mwa familia kuthibitisha kwamba babu alikuwapo. Ikishauzwa na kuvuka bahari, jina linakwenda nayo.

Nyota za vita vya Hitla

Familia nyingi zaidi zina medali za Vita vya Pili vya Dunia, kwani waliokwenda ni wengi: zaidi ya wanaume 90,000 kutoka Kenya peke yake. Hizi ni rahisi kutambua, kwa kuwa nyota zake zote zinafanana. Zina ncha sita, rangi ya manjano kama ya shaba iliyosuguliwa, taji na herufi za Mfalme George wa Sita katikati, na jina la nyota limezunguka taji hilo.

Nyota ya Afrika ilipewa waliopigana kati ya Juni 1940 na Mei 1943 katika Afrika Kaskazini, na pia katika Somalia, Ethiopia na Eritrea dhidi ya Mtaliano. Utepe wake una rangi ya mchanga wa jangwa, mstari mwekundu katikati kwa ajili ya jeshi la nchi kavu, na mistari miwili ya bluu, ya giza na ya mwangaza, kwa wanamaji na wanahewa. Nyota ya Burma ni ya waliopelekwa dhidi ya Mjapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944, bonde lililokuwa na sifa mbaya ya malaria, hadi ikafika mto Chindwin. Mara nyingi pamoja na hizo kuna nyota ya 1939-45 na medali mbili za mviringo za rangi ya fedha, Medali ya Ulinzi na Medali ya Vita. Hizo mbili zinang'aa kama fedha lakini si fedha. Anayekuambia ni fedha tupu ili akubadilishie na kitu kingine, au anayekuambia hazina thamani yoyote kwa sababu si fedha, wote wawili wana lao jambo.

Wengine hawakufika Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache na watu 1,297 wakafa, wengi wao wapiga mizinga wa Kiafrika wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Ikiwa katika ukoo wenu kuna mtu anayesemekana "alizama baharini wakati wa Hitla", huenda ni safari hiyo.

Tatizo la medali hizi ni kwamba Uingereza ilizitoa bila jina. Ukingo ni mtupu. Nyota ya Burma iliyo Rombo haina tofauti na nyota ya Burma iliyo London, isipokuwa kwa karatasi zinazoandamana nayo na maneno ya watu wanaoifahamu. Kwa hiyo kitabu cha kuachishwa jeshi, barua, picha ya studio ya mtu aliyevaa kofia ya Keya, hata kipande cha kitambaa, vyote viwe pamoja na medali. Familia ikigawana, mmoja akachukua nyota, mwingine kitabu na wa tatu picha, kila mmoja anabaki na kitu kisichosema chochote. Ni afadhali vitu vyote vikae kwa mtu mmoja na wengine wapewe nakala za picha.

Medali isiyopendeza kutajwa

Ipo medali nyingine ya fedha yenye kichwa cha Malkia Elizabeth. Nyuma yake kuna mwanamke aliyesimama na simba, na juu yake kipande chembamba kilichoandikwa neno "Kenya". Utepe ni wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani. Ilipewa askari na wasaidizi wa serikali ya kikoloni waliohudumu katika Hali ya Hatari kati ya 21 Oktoba 1952 na 17 Novemba 1956. Kwa maneno mengine, ni medali ya waliopigana na Mau Mau.

Baada ya uhuru si kila aliyekuwa nayo alitaka ionekane. Upande wa pili nao haukuwa na medali yoyote: Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku hadi 2003, na ni mwaka 2013 tu ambapo serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa. Mnara wao ulizinduliwa jijini Nairobi mwaka 2015. Ndugu mkazi, ukiikuta medali hii kwa mzee wenu usiitupe chooni kwa aibu wala usiivalie kwenye sherehe ya Mashujaa kwa kutojua. Ihifadhi, na umwulize mwenyewe akiwa hai, au waliomjua, aliandikishwaje. Wapo waliochagua, wapo waliochaguliwa na chifu. Jibu hilo ni sehemu ya historia ya kaunti hii kama lilivyo lolote lingine.

Machifu wenyewe walikuwa na yao. Kuanzia 1920 Mfalme wa Uingereza aliwapa machifu wa Kiafrika medali maalumu ya kuvaliwa shingoni kwa mnyororo. Zilikuwa chache, na wakusanyaji wa ng'ambo huzitafuta sana. Tofauti na hizo, vimedali vyepesi vya kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita mwaka 1937 viligawiwa watoto wa shule sehemu nyingi za himaya, na bei yake leo ni ndogo. Vina uzuri wake kwa mtoto anayeanza kukusanya.

Kwa sababu tuko mpakani, niongeze neno juu ya sarafu za Mjerumani, maana wakulima huzifukua na kuziita medali. Mjerumani alipokatiwa njia ya baharini alifungua kiwanda cha sarafu Tabora mwaka 1916, akatengeneza heller 5 na heller 20 kwa shaba iliyookotwa popote. Zina taji, mwaka 1916 na herufi T. Hizo ni za kawaida. Ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya milima, ilitengenezwa idadi ya 16,198 tu, na bandia zake zipo. Ama askari wa Mjerumani, wengi walibaki na vyeti tu walivyopewa mwisho wa vita. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee waliopoteza vyeti walipewa fimbo na kuamrishwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na waliokuwa askari kweli hawakukosea hata mmoja.

Anapokuja mnunuzi

Kukusanya medali si kosa. Makumbusho mengi duniani yalianza na mtu mmoja mwenye kabati. Mkusanyaji mwema huuliza jina la aliyeivaa, huandika alikoinunua, na hulipa bei inayoeleweka. Mwingine hufika siku ya soko, Illasit au Rombo, akijua kwamba mauzo ni ya haraka na muuzaji ana shida ya karo.

Ni vyema ujue anachokijua yeye. Bei ya medali haitokani na uzito wake. Fedha iliyomo katika medali ya 1914-18 ni chini kidogo ya aunsi moja, na mwaka 1980 bei ya fedha ilipopanda ghafla duniani maelfu ya medali hizo ziliyeyushwa, majina yakaungua pamoja nazo. Mkusanyaji hulipa zaidi kwa jina linalosomeka, kwa kikosi kisicho na medali nyingi sokoni, kwa seti isiyotenganishwa na kwa karatasi zake. Medali ya Keya ina sifa hizo zaidi ya ile ya askari wa kawaida wa Uingereza, ambazo zipo kwa mamilioni. Ukiamua kuuza, ni mali yako na hakuna wa kukuzuia. Lakini piga picha pande zote na ukingo, nakili maandishi yote, andika jina na kitambulisho cha mnunuzi, na usikubali kuuza siku ile ile. Ndugu wote wajue. Kesi za ukoo zinazoanzia kwenye kitu kidogo cha babu machifu wetu wanazifahamu.

Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Medali za vita vyote viwili ni za baada ya hapo, kwa hiyo kuwa nayo nyumbani si kosa wala huhitaji kuisajili. Hata hivyo, anayetaka kupeleka nje ya nchi kitu chochote cha kihistoria aulize kwanza Makumbusho ya Kitaifa kuhusu kibali. Na kuchimba ni suala tofauti kabisa. Kwenye maeneo ya mapigano kuelekea Taveta bado huokotwa maganda ya risasi. Ganda tupu halina neno, lakini kitu kizima chenye umbo la chupa au yai la chuma, hata kikiwa na kutu ya miaka mia moja, kinaweza kulipuka. Wachungaji waambiwe wasikiguse, wasikipige jiwe na wasikitie motoni. Waweke alama mbali kidogo, kisha watoe habari kwa chifu au kituo cha polisi.

Kuitunza nyumbani

Usiisugue. Huo ndio ushauri wa kwanza na karibu wa mwisho. Majivu, mchanga na dawa za kung'arisha hula herufi za ukingoni, na medali inayong'aa isiyosomeka imepoteza kilichokuwa cha maana. Ifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Utepe uliochakaa usiutupe hata ukinunua mpya, maana rangi zake husaidia kuitambua. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, hivyo bahasha ya karatasi au kitambaa cha pamba ni bora, na kila medali iwe peke yake zisikwaruzane.

Kisha chukua kadi na penseli, kwani wino hufifia na huchafua. Andika jina kamili la aliyepewa kama familia inavyolitamka, kisha kama lilivyoandikwa ukingoni. Andika rika lake, kijiji chake, alikopelekwa, alirudi lini na nani alikusimulia. Rika ni muhimu sana kwetu: mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa anajua rika lake, na kwa rika mwanahistoria hukadiria umri. Mrekodi mzee kwa simu kwa lugha anayoizungumza vizuri zaidi, iwe Kimaasai, Kikamba, Kitaveta au Kichaga. Tafsiri itakuja baadaye.

Anayetaka kutafuta zaidi aanze na Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, katika Barabara ya Moi, Nairobi, kwenye jengo la zamani la Benki ya India. Humo mna majalada ya utawala wa wilaya za kikoloni, na ada yake si kubwa. Aende na namba ya askari, si jina pekee. Kadi za medali za Vita vya Kwanza ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, na zinatafutwa kwa intaneti kwa jina au namba. Makaburi ya kijeshi ya Taveta yako wazi kwa wageni, na katika hoteli moja ya Taita Hills kuna chumba cha maonyesho ya vita hivyo. Shule za Rombo zinaweza kwenda na kurudi kwa siku moja.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, makumbusho na shughuli za utamaduni ni kazi ya kaunti. Familia inayotaka picha na maelezo ya medali yake yahifadhiwe, bila kuitoa medali yenyewe, iwasiliane na msimamizi wa wadi ili aelekezwe kwa idara inayohusika na utamaduni. Ikiwa mtaamua kuikopesha kwa maonyesho, mpewe stakabadhi yenye picha ya medali, tarehe ya kurudishwa na sahihi ya aliyeipokea, na nakala moja mwachie chifu.

Swali moja huulizwa kila Novemba, wakati wa ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani: je, mjukuu anaweza kuvaa medali ya babu yake? Kwa desturi ya majeshi ya Jumuiya ya Madola anaweza, lakini huivaa kifuani upande wa kulia. Upande wa kushoto, uliko moyo, ni wa aliyepewa mwenyewe.